Kadi ya makavazi: Inaokoa hela zako au inazimeza?

Likizo inapokaribia, makundi ya WhatsApp huchangamka. Mmoja analeta wazo la Pwani, mwingine anasema twende na SGR, wa tatu anauliza kama kuna mtu aliye na shangazi Mombasa wa kuwapa mahali pa kulala. Mjadala wa nauli na malazi unachukua siku tatu nzima. Kisha mtu anatuma tangazo: kadi moja, unaingia makavazi na magofu bila kulipa langoni. Kila mmoja anajibu kwamba form ni hiyo, na michango inaanza kutumwa kwa M-Pesa kabla ya yeyote kuuliza swali la maana: tutaingia mahali pangapi kwa kweli?

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Kadi ya turathi si mbaya wala si nzuri kwa yenyewe. Ni kama kununua unga kwa gunia. Aliye na familia ya watu wanane ataokoa, lakini anayeishi peke yake na anayekula nje kila jioni atawalisha fukusi.

Kwa hivyo kabla hujatoa hata shilingi, keti chini upige hesabu. Si hesabu ngumu.

KWANZA, JUA UNAUZIWA NINI

Watu husema "kadi" au "pasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba ziko aina tatu, na kila moja ina mteja wake.

Kuna tiketi ya pamoja. Hii unalipa mara moja langoni kisha unaingia sehemu kadhaa zilizo katika mji mmoja. Mfano wa hapa nyumbani uko Malindi, ambako Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (NMK) yameweka sehemu tatu chini ya tiketi moja: nguzo ya Vasco da Gama, kanisa dogo la Wareno, na makavazi yaliyo ndani ya jengo la House of Columns.

Kuna kadi ya uanachama ya mwaka mzima. Chama cha Kenya Museum Society, kilichoanzishwa 1971 na watu wa kujitolea ili kuunga mkono makavazi, huwapa wanachama wake kiingilio cha bure katika makavazi na maeneo ya kihistoria yaliyo chini ya NMK kote nchini.

Halafu kuna pasi ya mgeni, ile ya siku chache tu. Hii utakutana nayo zaidi ukivuka mipaka, hasa Ulaya. Tutaifikia baadaye.

Kosa la wengi ni kununua ya mwaka kwa ajili ya safari ya siku nne, au kununua ya siku chache katika mji ambao nusu ya makavazi yake ni ya bure. Soma kwanza. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

HESABU YA MALANGO

Tuchukue safari ambayo vijana wengi huifanya: Mombasa hadi Malindi kwa siku nne.

Kwenye karatasi, njia hiyo ni tajiri mno. Unaanza na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa turathi ya dunia 2011. Ukivuka kuelekea kaskazini unafika Mtwapa, kwenye magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 uliokuwa ukitazama bahari. Kilifi kuna Mnarani, misikiti na makaburi ya kale juu ya mlangobahari. Mbele kidogo, kabla ya Malindi, kuna Gede, mji wa mawe uliomezwa na msitu baada ya wakazi wake kuuhama, na ambao uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024. Kisha Malindi yenyewe.

Sasa hesabu. Fort Jesus, moja. Jumba la Mtwana, mbili. Mnarani, tatu. Gede, nne. Malindi, tano. Tahadhari hapo Malindi: sehemu ni tatu lakini tiketi ni moja. Ukizihesabu mara tatu, kadi itaonekana tamu kuliko ilivyo.

Bei hubadilika, kwa hivyo tutumie nambari za mfano tu. Tuseme kila lango ni Sh200 kwa raia mtu mzima, na kadi ya mwaka ni Sh2,500. Malango matano ni Sh1,000. Kadi imekushinda kwa Sh1,500. Ili irudishe hela yako, gawanya bei ya kadi kwa kiingilio cha lango moja: 2,500 kwa 200 ni kumi na mbili na nusu. Maana yake ni kwamba lazima uingie malango kumi na matatu kabla ya mwaka kuisha ndipo uanze kufaidi.

Hiyo kumi na tatu ndiyo nambari yako. Ukienda safari yoyote, popote, itafute kwanza kwa bei halisi za siku hiyo. Ni mgawanyo mmoja tu kwenye simu.

PUNGUZA NDOTO

Hata hayo malango matano, je, utayafikia yote?

Fikiria siku zenyewe. Treni inakufikisha Miritini, mbali na kisiwa, na ukishatafuta gari la kukupeleka mjini siku ya kwanza imeisha. Siku ya pili ni Fort Jesus asubuhi, Mji wa Kale mchana, na jioni kila mtu anataka kuona bahari. Siku ya tatu mko ndani ya matatu kuelekea Malindi, mabegi mapajani. Nani atasema "shukisha" Mtwapa, abebe begi juu ya bodaboda hadi Jumba la Mtwana, arudi barabarani, apande matatu nyingine, ashuke tena Kilifi kwa ajili ya Mnarani, apande tena, kisha ashuke Gede kabla ya malango kufungwa?

Wapo watakaofanya hivyo, na heko kwao. Kundi la watu sita wenye njaa halitafanya. Litasimama mahali pamoja, pengine Gede, kisha litaenda kutafuta chakula. Malango matano yamekuwa matatu: Fort Jesus, Gede na Malindi. Kwa bei yetu ya mfano, hiyo ni Sh600.

Kwa hivyo kanuni ya pili ni hii: hesabu malango uliyokuwa tayari kwenda hata kama kadi isingekuwapo. Lango unaloliongeza ili kadi "ilipe" si akiba. Ni gharama mpya, na huja na nauli yake, boda yake na chupa yake ya maji. Bandu bandu huisha gogo.

Ukiangalia bajeti nzima utaona jambo lingine. Kwa raia wa Kenya, kiingilio mara nyingi ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye safari. Nauli, malazi na chakula ndivyo vinavyokula mfuko. Anayetaka kuokoa hela kwelikweli ataokoa zaidi kwa kusafiri siku isiyo na msongamano kuliko kwa kununua kadi yoyote.

BEI SI MOJA KWA WOTE

Hapa ndipo vijana hupotoshana. NMK hutoza raia kiwango cha chini kuliko mgeni kutoka ng'ambo. Maana yake ni kwamba nambari ya kurudisha hela haiwezi kuwa moja kwa watu wote.

Ikiwa katika kundi lenu kuna rafiki aliyekuja kutoka Ujerumani kusoma muhula mmoja, kiingilio chake huenda kikawa mara kadhaa ya chako. Kwake, malango matatu au manne yanaweza kutosha kuifanya kadi ilipe. Kwako, hapana. Kwa hivyo msichange kama kanisa. Kila mtu apige hesabu yake kwa kiwango chake.

Na ukishajua unalipa kiwango cha raia, beba kitambulisho. Wanafunzi wabebe kadi ya chuo pia. Kama mnasafiri kama klabu ya shule au ya chuo, ulizeni mapema kuhusu viwango vya wanafunzi, kwa kuwa barua moja ya mwalimu inaweza kuwaokolea zaidi ya kadi sita. Jiandaeni vilevile kulipa kwa simu kupitia eCitizen, msije mkakwama langoni na noti mkononi.

YASIYOANDIKWA MBELE YA KADI

Tangazo husema "ingia bure". Halisemi bure wapi.

Kadi inayofungua malango ya NMK haifungui ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa hivyo hifadhi ya bahari ya Watamu, ambako kila mtu anataka kwenda kuona samaki, ina malipo yake mbali. Haller Park mjini Mombasa ni ya kampuni binafsi. Kaya Kinondo kule Diani, msitu mtakatifu wa Wadigo, huendeshwa na jamii yenyewe, na mchango wako unabaki pale. Hata hapo Gede, mradi wa vipepeo ulio karibu na lango la magofu una kiingilio chake.

Mwongozaji pia si sehemu ya kadi. Pale Fort Jesus utawakuta watu wanaojitolea kukutembeza mara tu ukikaribia lango. Wengi wao wanaijua ngome hiyo kama nyumba yao. Lakini patana bei kabla ya kuanza, si mkishamaliza na mko juani mkitazamana.

Kisha kuna vitu ambavyo havijawahi kuwa na lango. Mji wa Kale wa Mombasa, na milango yake ya mbao iliyochongwa, unatembea bure. Vichochoro vya Lamu, mji ulioingia kwenye orodha ya UNESCO 2001, havina tiketi. Ukikaa kwenye baraza jioni punda wakipita na mwadhini akiita, hakuna atakayekuuliza kadi. Kadi haiwezi kukuokolea hela katika kitu ambacho tayari ni bure.

LAMU NI HADITHI TOFAUTI

Hata hivyo, Lamu hiyo hiyo inaonyesha ni wakati gani kadi huanza kuwa na maana.

Pale mjini kuna Makavazi ya Lamu yanayotazama bahari, ngome iliyo katikati ya mji, nyumba ya Waswahili iliyotunzwa kama ilivyokuwa zamani, na ile nyumba ya posta ya Wajerumani iliyofunguliwa 1888. Zote unaweza kuzifikia kwa miguu. Hakuna boda, hakuna matatu, hakuna begi mapajani. Ukiwa na siku tatu Lamu, unaweza kuingia zote bila kukimbia, na ukipata mashua ya kwenda kisiwa cha Manda unaongeza magofu ya Takwa.

Tofauti ya Lamu na barabara ya Mtwapa–Malindi ni umbali kati ya lango na lango. Malango yanapokaribiana, kadi au tiketi ya pamoja hupata nguvu. Yanapotawanyika, nauli hula faida yote. Kumbuka hilo popote uendapo.

KADI NI YA MWENYEJI

Sasa tuseme jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kadi ya mwaka humfaa zaidi mtu ambaye hasafiri.

Mtazame kijana anayeishi Nairobi. Jumba kuu la makavazi liko Museum Hill, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Nairobi Gallery iko mjini kabisa, ndani ya jengo la kikoloni la 1913. Makavazi ya Karen Blixen yako Karen. Wikendi moja anaweza kushika barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, aone mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na binadamu wa kale. Wikendi nyingine aelekee Kariandusi karibu na Gilgil, au Hyrax Hill pale Nakuru. Akienda kwao Kisumu, Kitale au Meru Krismasi, kuna makavazi. Akipita Kapenguria, kuna yale yaliyo katika gereza walimozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake watano.

Mtu kama huyo hafikishi malango kumi na matatu kwa kukimbia. Anayafikisha polepole, akienda Jumamosi moja na mdogo wake, nyingine na mgeni kutoka mashambani, nyingine peke yake kwa sababu hana hela ya sinema na anataka mahali patulivu pa kukaa. Na kwa kuwa hajalipa langoni, haoni hasara kuingia kwa nusu saa tu, akatazama chumba kimoja, akatoka. Huo uhuru ndio thamani halisi ya kadi.

Anayepita mara moja kwa mwaka hupata kinyume chake. Kadi inamfukuza. Yuko Gede, miti ya kale imeshika kuta, kuna nyani juu ya tawi, lakini akili yake iko kwenye lango linalofuata kwa sababu "lazima kadi ilipe". Ataondoka na picha nyingi na kumbukumbu chache.

UKIVUKA MIPAKA

Vijana wetu wengi sasa wanaenda Ulaya kusoma au kufanya kazi. Kule pasi za wageni ni nyingi na zimepambwa vizuri. Hesabu ni ile ile, ila mitego ni mipya.

Paris Museum Pass huuzwa kwa saa 48, 96 au 144 mfululizo. Saa huanza kuhesabiwa unapoingia mahali pa kwanza, na haziachi kuhesabiwa ukiwa umelala. Louvre hufungwa Jumanne na Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, kwa hivyo ukianza pasi ya siku mbili Jumatatu asubuhi umejifungia mwenyewe. Hata ukiwa na pasi, Louvre inakutaka uwe umeweka nafasi ya saa ya kuingia. Na Eiffel haimo kabisa.

Lakini kubwa zaidi ni hili: kijana aliye chini ya miaka 26 na anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya huingia bure katika makavazi ya kitaifa kama Louvre na Orsay, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya. Binamu yako anayesomea Lyon hana haja ya kununua pasi hiyo. Anachohitaji ni kibali chake cha kuishi na kitambulisho. Wewe unayemtembelea kwa wiki mbili ndiye wa kupiga hesabu.

London nayo ina mtego wake. British Museum, National Gallery na Natural History Museum, maonyesho yao ya kudumu ni bure kwa kila mtu. Shirika la English Heritage lina pasi ya siku 9 au 16 kwa wageni wasioishi Uingereza, nayo hufungua sehemu kama Stonehenge na Dover Castle. Ni nzuri kwa mtu mwenye gari na hamu ya kuzunguka mashambani. Lakini haifungui Tower of London, ambayo iko chini ya shirika jingine. Ukikaa London siku nne bila kutoka, pasi hiyo itarudi nyumbani ikiwa mpya kama ilivyotoka dukani.

JIULIZE HAYA

Kabla ya kulipa, jibu maswali haya kwa uaminifu:

Ni malango mangapi ningeingia hata bila kadi? Ondoa moja au mawili kwa ajili ya uchovu na mvua.

Bei yangu mimi ni ipi: raia, mwanafunzi au mgeni? Kuna siku au umri ambao ninaingia bure?

Kadi inaanza kuhesabiwa lini na inaisha lini? Kuna siku ambayo ninakotaka kwenda pamefungwa?

Malango yanakaribiana, au nitalipa nauli kubwa kuliko kiingilio?

Nani anaendesha mahali ninapotaka hasa, na je, ndiye aliyetoa kadi hii?

Ukishapata majibu, linganisha idadi ya malango na ile nambari yako. Malango yakizidi, nunua bila wasiwasi. Yakipungua, lipa langoni kama watu wengine.

Kuna wanaonunua kadi ya uanachama wakijua wazi kwamba haitawarudishia hela. Wanasema ni mchango wao ili kuta za matumbawe zisianguke na watoto wao wazikute. Hiyo ni sababu nzuri, mradi uitaje kwa jina lake. Sema "nimechanga", usiseme "nimeokoa", kisha usilalamike mwezi ukiwa kona.

Na ukiamua kulipa langoni, usiirudishe akiba yote mfukoni. Ukifika Fort Jesus au Gede, chukua sehemu yake umlipe mwongozaji. Bila mtu wa kukueleza nani aliishi katika chumba kile, maji yalitoka kisima gani na kwa nini watu walihama, utakuwa umelipia kutazama mawe.